Ziara ya Liège na ngome ya Loncin: lipa uende

Nianze na hukumu, kwa sababu najua wengi wenu mnasoma maoni kama haya mkiwa njiani na mnataka kujua jambo moja tu: nilipe au nisilipe? Lipa. Kwa yeyote anayeishi Ubelgiji, Uholanzi au Ujerumani ya magharibi, au anayekuja huku kumtembelea mtoto kama nilivyokuja mimi, ziara hii ya siku nzima kuuzunguka mji wa Liège ndiyo iliyonifundisha zaidi kuliko ziara zote za historia nilizowahi kulipia. Haimfai anayetafuta mandhari ya kupigia picha, na haiwafai watoto wadogo, maana sehemu kubwa ni kusimama kwenye upepo na kusikiliza. Lakini walimu wenzangu wa historia, msiikose.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Tabora. Nimefundisha sababu za Vita vya Kwanza vya Dunia jinsi muhtasari unavyotaka: mashindano ya silaha, miungano ya kijeshi, ubeberu, utaifa, halafu risasi za Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Wanafunzi wanaandika, wanakariri, wanafaulu. Lakini hakukosekana kijana, mara nyingi wa madawati ya nyuma, aliyenyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, aliyeuawa ni mrithi wa Austria, aliyemuua ni Mserbia wa Bosnia. Sasa Ubelgiji imeingiaje hapo?" Ndilo swali lenyewe. Ubelgiji haikumuua mtu, haikuwa kwenye muungano wowote, na kwa mkataba wa London wa 1839 mataifa makubwa yalikuwa yameahidi kuiacha nje ya vita vyao. Hata hivyo, asubuhi ya tarehe 4 Agosti 1914 ndiyo iliyovamiwa. Ziara hii inakupeleka ukasimame mahali jibu lilipo.

Mwenye kazi ni mzee mmoja wa Liège, mstaafu wa reli, mwenye gari dogo la abiria wanane. Aliniomba nisiweke jina lake mtandaoni, nami nimekubali. Njia yenyewe si siri: unaweza kumwomba mwongozaji yeyote wa huko akupitishe hiyo hiyo, au ukaifuata mwenyewe kwa gari la kukodi. Tulilipa euro 70 kila mtu, usafiri na kiingilio cha ngome vikiwa ndani, chakula juu yako. Lugha yake ni Kifaransa. Kiingereza chake kinatosha kwa tarehe na namba, ila akichangamka anakiacha, na hapo binti yangu ndiye aliyenitafsiria. Usiyejua Kifaransa, mwambie mapema.

Tulikutana kituo cha treni cha Liège-Guillemins, chini ya lile paa kubwa jeupe la chuma na kioo alilolibuni Santiago Calatrava, lililozinduliwa 2009. Hakupachagua kwa urahisi wa usafiri. Alitandaza kwenye benchi ramani ya reli za mwaka 1914 aliyoichora kwa mkono wake, akaanza somo. Jeshi la wakati ule lilikwenda kwa treni mpaka reli ilipoishia, kutoka hapo ni miguu na farasi. Kikosi kikuu kimoja cha Kijerumani, askari zaidi ya 40,000 pamoja na farasi, mizinga na magari yao, kilihitaji treni 140. Katika wiki mbili na nusu za mwanzo wa Agosti 1914, treni zaidi ya 2,000 zilivuka daraja la Hohenzollern pale Cologne kuelekea magharibi, moja takriban kila dakika kumi. Aliyewahi kupanga treni anajua maana yake, alisema mzee: hakuna nafasi ya kusimamisha moja bila kuziharibia nyingine zote zilizo nyuma yake.

Ratiba hiyo haikutungwa kwa hasira za Julai. Maofisa wa reli katika makao makuu ya jeshi pale Berlin waliiandika upya kila mwaka wakati wa amani, na ratiba mpya ilianza kutumika kila tarehe 1 Aprili. Zamani walikuwa na ratiba mbili, moja ya kupeleka jeshi kubwa mashariki dhidi ya Urusi, nyingine ya magharibi dhidi ya Ufaransa. Mwaka 1913 wakaacha kuitayarisha ile ya mashariki. Ikabaki moja.

Hapo akatusimulia jioni ya tarehe 1 Agosti 1914, na sijawahi kuisikia ikisimuliwa vizuri hivyo. Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani, ametia saini amri ya kuita majeshi. Punde inaingia simu ya maandishi kutoka kwa balozi wake London, Lichnowsky, inayoonyesha kwamba huenda Uingereza ikakaa kando na hata Ufaransa ikabaki bila kupigana. Kaiser anafurahi, anamwambia mkuu wa majeshi, Helmuth von Moltke: basi, tupeleke jeshi lote mashariki. Moltke anajibu kwamba haiwezekani. Kuwageuza watu milioni moja ghafla ni kuwa na kundi la watu wenye bunduki lisilo na chakula, si jeshi. Kaiser anamjibu kwa uchungu kwamba ami yake Moltke, yule Moltke mkubwa aliyezishinda Austria na Ufaransa, angempa jibu jingine. Inatumwa amri ya kusimamisha askari mpakani mwa Luxembourg, lakini wachache wamekwisha kuvuka na kukikamata kituo cha reli cha Troisvierges. Usiku ule ule London inafafanua kwamba palikuwa na kutoelewana. Kaiser anamruhusu Moltke aendelee.

Baada ya vita, ofisa wa kitengo cha reli cha jeshi, Hermann von Staab, aliandika kwamba kugeuza treni kuliwezekana. Mzee wetu anamwamini Staab, kwa kuwa ni mtu wa reli kama yeye. Mimi naona swali la kama treni zingegeuka si kubwa kama linavyoonekana. Kubwa ni kwamba mtawala mwenye mamlaka yote aliuliza kama kuna njia ya pili, na mtu wa pekee aliyepaswa kuwa nayo hakuwa nayo.

Kutoka kituoni ni kama dakika 45 kwa gari hadi kilima cha Vaalserberg, ambako mipaka ya Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani inakutana. Kimo chake ni kama mita 322, kwetu ni kichuguu tu, lakini upande wa Ubelgiji pana mnara wa mita 50, na ukipanda juu unaona nchi zote tatu kwa mara moja. Mashariki chini yako ni Aachen, mji wa Ujerumani. Hatua chache magharibi ni kijiji cha Gemmenich, ambako farasi wa kwanza wa Kijerumani waliingia Ubelgiji ile asubuhi ya tarehe 4. Kaskazini ni Uholanzi: mkoa wa Limburg, ulioteremka kusini kando ya Ubelgiji hadi kupita Maastricht, kama ulimi uliotolewa nje ya kinywa.

Huo ulimi ndio kiini cha mambo yote, na hapa ndipo pesa yangu iliporudi.

Alfred von Schlieffen, mkuu wa majeshi kabla ya Moltke, aliacha mwaka 1905 andiko la kuishambulia Ufaransa kwa kuizunguka kutoka kaskazini, kupitia Ubelgiji na pia huo ulimi wa Uholanzi. Nafasi ilikuwa pana. Moltke alipochukua kazi mwaka 1906 alilipokea wazo la kupita Ubelgiji, akalikataa la kupita Uholanzi. Sababu yake ilikuwa ya kibiashara kabisa: aliogopa kwamba vita vikirefuka, Uingereza itaifungia Ujerumani bahari, na Uholanzi isiyopigana ndiyo itakayobaki kuwa bomba lake la kupitishia hewa. Ukiangalia kutoka mnarani, unaona mara moja gharama ya uamuzi huo. Ukiiacha Uholanzi kaskazini, na kusini una vilima na misitu ya Ardennes, unabaki na uchochoro. Majeshi mawili, la Kwanza chini ya von Kluck na la Pili chini ya von Bülow, jumla kama watu 580,000, yalitakiwa kupenya humo. Na katikati ya uchochoro, juu ya mto Meuse, umekaa mji wa Liège pamoja na madaraja yake, mahandaki yake ya reli, na ngome 12 zinazouzunguka.

Kwa hiyo Liège ilibidi ikamatwe, ikamatwe nzima, na mapema, kabla Wabelgiji hawajalipua reli na kabla hawajajaza askari kati ya ngome. Moltke akaweka kwenye mpango jambo ambalo Schlieffen hakuwa nalo: brigedi sita za askari wa kawaida, zisizosubiri askari wa akiba, zivuke mpaka siku za mwanzo kabisa baada ya amri ya kuita majeshi na kuuteka mji kwa ghafla. Siku ya kwanza ya amri hiyo ilikuwa tarehe 2 Agosti. Jioni hiyo, saa moja, balozi wa Ujerumani aliipa serikali ya Ubelgiji makataa ya saa 12: turuhusuni kupita. Tarehe 3 asubuhi Ubelgiji ikakataa. Tarehe 4 wakavuka.

Naomba mwalimu anayesoma hapa atulie kidogo kwenye jambo hili, kwa sababu vitabu vyetu vya shule vinalipita. Mwaka ule kila taifa lilikuwa na mpango wake, na kila mpango ulianza kwa kuita askari wa akiba. Lakini Urusi ikiita majeshi, askari wake wangeweza kukaa kambini ndani ya mipaka yao kwa wiki kadhaa huku mabalozi wakizungumza. Ufaransa ilipoanza kujiandaa, iliwarudisha askari wake kilomita 10 nyuma ya mpaka ili pasitokee risasi ya bahati mbaya. Austria nayo ilikuwa taratibu. Ujerumani peke yake haikuwa na nafasi kati ya kuita majeshi na kuvamia, na nchi iliyotakiwa kuvamiwa haikuwa hata kwenye ugomvi. Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba Kansela Bethmann Hollweg, mwenye dhamana ya mazungumzo, hakujua habari za kuiteka Liège kwa ghafla mpaka tarehe 31 Julai. Alikuwa akijadiliana na Ulaya nzima bila kujua kwamba saa yake ina dakika chache kuliko za wenzake. Na kuvamiwa kwa Ubelgiji kukawapa Waingereza waliokuwa wakivutana ndani ya serikali yao sababu ya kuingia pamoja. Makataa yao kwa Ujerumani yaliisha tarehe 4 saa tano usiku, saa za London.

Sisemi kwamba reli ndizo zilizopigana. Mpango unaandikwa na watu, na waliouandika waliamini kwamba Urusi itakuwa na nguvu kupita kiasi ikimaliza mpango wake mkubwa wa jeshi mwaka 1917, hivyo afadhali sasa kuliko baadaye. Wengine walisema hivyo wazi. Lakini haraka ya wiki ile, ile iliyowafunga hata waliotaka kurudi nyuma, ilitokana na uchochoro huu, na uchochoro huu Moltke aliuchagua mwenyewe ofisini miaka kadhaa kabla.

Pale juu palikuwa na baridi kali na wazee wawili katika kundi letu walirudi garini. Mzee hakukatiza maelezo. Namsifu kwa hilo, ila angetuambia mapema tuvae nguo nzito.

Kituo kilichofuata kilikuwa Visé, mji mdogo kando ya Meuse, na hapo hakutenda haki. Dakika chache tu, kutoka dirishani, akituonyesha mahali lilipokuwa daraja ambalo Wabelgiji waliliharibu ili Wajerumani wasivuke. Visé ulichomwa moto katikati ya Agosti, na katika mkoa huu wa Liège wanajeshi waliokuwa na haraka na hofu waliua mamia ya raia katika siku za mwanzo tu, wakidai kuna wenyeji wanaowavizia. Hii nayo ni sehemu ya habari ya ratiba: askari aliyeambiwa kwamba Ubelgiji itapitwa tu, akikuta daraja limeanguka na risasi zinamjia, anatafuta wa kumlaumu. Nilitamani tushuke, tusimame.

Chakula cha mchana tulikula kwenye mkahawa mdogo wa njiani. Kila mtu huku anakushauri ule zile nyama za mviringo za Liège zenye mchuzi mtamu, na chipsi pembeni. Waislamu wenzangu, ulizeni kwanza: kwa kawaida nyama ya nguruwe inachanganywa humo. Mimi nilikula samaki, akiwa mzuri wa wastani. Kahawa ilikuwa nzuri sana.

Mezani ndipo nilipomuuliza mzee kuhusu Warusi, kwa kuwa asubuhi nzima hakuwataja. Alijibu vizuri, na nashangaa kwa nini haliweki somo hili kwenye ziara yenyewe. Waziri wa mambo ya nje, Sazonov, alitaka kuita majeshi ya mikoa inayoielekea Austria peke yake, ili kuitisha bila kuigusa Ujerumani. Majenerali wakamwambia kwamba mpango wa namna hiyo haupo kwa vitendo. Ukiita nusu, utavuruga treni na askari wa akiba, na ikibidi kuita wote baadaye utashindwa. Tarehe 29 Julai Tsar Nicholas II akakubali kuita wote, usiku akabatilisha baada ya kupata simu ya maandishi ya binamu yake Wilhelm, tarehe 30 mchana Sazonov akamshawishi tena. Mkuu wa majeshi, Yanushkevich, alikuwa ameahidi kwamba safari hii amri ikitoka ataivunja simu yake, asipatikane wa kumwambia aifute. Pia Urusi ilikuwa imewaahidi Wafaransa kuishambulia Ujerumani ifikapo siku ya 15, ili Ufaransa isiangukiwe peke yake. Unaona jinsi mipango ilivyoshikana: Ujerumani inaharakisha kwa kuwa inajua Urusi itachelewa, Ufaransa inaibana Urusi isichelewe, na kwa sababu Urusi haichelewi tena, Ujerumani inazidi kuharakisha.

Mchana tulifika Loncin, na hapa maelezo yangu yatakuwa marefu, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo picha za mtandaoni haziwezi kukuonyesha.

Ngome hii ni mojawapo ya zile 12 alizozibuni Jenerali Henri Brialmont na kujengwa kati ya 1888 na 1892. Iko kaskazini-magharibi mwa mji, kando ya barabara ya Brussels. Usitegemee kuta ndefu na minara. Ni kilima cha zege cha pembetatu, kimezungukwa na handaki refu la kina, na mizinga yake ilikaa chini ya kuba za chuma zilizochomoza kidogo juu ya zege. Zege lenyewe halikuwekwa nondo. Lilimwagwa mchana tu, usiku kazi inasimama, kwa hiyo tabaka la leo halikushikana sawasawa na la jana. Lilikadiriwa kuhimili mizinga mikubwa ya zama zile, ya sentimita 21. Vyoo viliwekwa ng'ambo ya handaki. Mabomu yakianza kuanguka, askari zaidi ya 500 hawawezi kwenda chooni, na hewa ndani haitoki. Moshi wa baruti unabaki nao kwenye korido. Mzee alitusimamisha kwenye korido moja nyembamba, akanyamaza, tukasikia maji yakidondoka. Hakuhitaji kueleza zaidi.

Lile shambulio la ghafla la usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Agosti lilifanikiwa nusu. Ludendorff, jenerali wa Kijerumani aliyekuwa miaka ya nyuma mmoja wa waliopanga mipango ya vita Berlin, alichukua uongozi wa brigedi iliyopoteza jenerali wake, akapenya kati ya ngome, na tarehe 7 mji ukatekwa. Ngome nyingi zikabaki zinapiga. Hapo wakaletewa mizinga miwili ya sentimita 42 iliyotengenezwa kwa siri na kampuni ya Krupp, kombora moja likiwa na uzito wa kama kilo 800. Ngome moja baada ya nyingine zikanyamaza. Tarehe 15 Agosti, kama saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, kombora lilipenya ghala la baruti la Loncin. Tani nyingi za baruti zikalipuka kwa mara moja. Askari kama 350 walikufa. Jenerali Gérard Leman, kamanda wa Liège yote, aliyekuwa amehamishia makao yake humu, alitolewa kwenye kifusi akiwa amezimia, na alipozinduka alitaka iandikwe kwamba hakujisalimisha.

Wengi wa askari waliokufa hawajatolewa mpaka leo. Unapotembea kwenye njia zilizowekwa, unatembea juu ya kaburi la jeshi. Mwaka 2007, wanajeshi wa Ubelgiji wakiondoa makombora yaliyobaki, walikuta mabaki ya askari 25. Katikati ya ngome ni shimo kubwa lenye vipande vya zege vyenye ukubwa wa nyumba, vimelala ovyo, na kuba la chuma zito limepinduka miguu juu. Vijana wa Kijerumani waliokuwa kwenye kundi letu walivua kofia bila kuambiwa. Makumbusho yake ni madogo, yenye sare, silaha na picha, yamepangwa kwa moyo. Tulipewa muda mfupi mno humo. Saa moja zaidi isingezidi.

Hapa nina ubishi na mzee wetu. Yeye anasema, kwa sauti ya mtu aliyelelewa na habari hiyo, kwamba ngome hizi ziliiokoa Paris. Ushujaa wa watu hawa hauna shaka, na Ufaransa iliupa mji wa Liège nishani ya Legion d'honneur tarehe 7 Agosti, vita vikiwa bado vibichi. Lakini majeshi makuu ya Kijerumani yalikuwa bado yanashushwa kwenye treni wakati Loncin inapigwa, na yakaanza mwendo tarehe 18. Ucheleweshaji, kama ulikuwepo, ulikuwa wa siku chache sana. Nilimwambia hivyo kupitia kwa binti yangu. Alinisikiliza, akasema, "Mwalimu, hata siku mbili." Tukaachana hapo, kila mmoja na lake, kwa heshima.

Njiani kurudi aliniuliza natoka wapi. Nilipotaja Tabora, alinyamaza kidogo kisha akasema "Tombeur". Anaijua habari. Jenerali Charles Tombeur ndiye aliyeliongoza jeshi la Kongo ya Wabelgiji lililoiteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na sanamu yake ipo Saint-Gilles, Brussels. Ubelgiji mwanzoni ilitumaini Kongo itaachwa nje ya vita. Agosti ile ile ya 1914 Wajerumani wa Ziwa Tanganyika waliishambulia bandari ya Lukuga, matumaini yakaisha. Nilimweleza mzee kwamba jeshi lile halikuwa na treni 140 kwa kila kikosi. Lilibebwa na wapagazi, maelfu kwa maelfu, Waafrika wa Kongo, Ruanda, Urundi na Unyamwezi, na waliokufa njiani hawana ngome yenye majina yao. Babu wa baba yangu alikuwa mmoja wa waliobeba. Mzee aliegesha gari pembeni ya barabara akataka nimwandikie majina ya njia waliyopita. Nilimwandikia niliyoyajua.

Mambo ya vitendo. Vaeni viatu vinavyoshika udongo, na sweta hata Juni, kwani ndani ya ngome kuna ubaridi mwaka mzima. Mwenye matatizo ya magoti atateseka kwenye ngazi za Loncin, na mnarani Vaalserberg ahakikishe kwanza kama lifti inafanya kazi. Vifaa vya masikioni alivyotugawia vilizima mchana, akatumia sauti yake. Kwa kundi la watu wanane si tatizo kubwa. Leteni maji yenu. Ukiwa na nguvu zilizobaki jioni, mjini Liège pana ngazi za Bueren, 374 kwa hesabu, zinazopanda kuelekea kilima cha ngome kongwe ambayo Ludendorff aliingia asubuhi ya tarehe 7. Siku hizi hapo juu pana hospitali. Sisi hatukupanda.

Asiye na siku nzima akichagua sehemu moja, wengi watamwambia Loncin. Mimi namwambia apande Vaalserberg na ramani mkononi, kisha Loncin siku nyingine akipata nafasi.

Nampa nyota nne. Ya tano imebaki kwa sababu ya Vienna. Austria ndiyo iliyoanza kuishambulia Serbia, na mkuu wake wa majeshi, Conrad, alikuwa na mpango wenye jeshi moja zima, la Pili, ambalo lingeweza kwenda Serbia au kwenda mpakani mwa Urusi. Akalipeleka Serbia, Urusi ikaingia, akaambiwa na watu wa reli kwamba halirudishiki mpaka lifike kwanza, na likafika Galicia, upande wa Urusi, limechelewa wakati wenzao wanashindwa huko. Mtu wa reli kuwa na habari kama hiyo na kuipa sentensi mbili garini! Nimemwandikia barua kumwomba aiongeze pale kituoni, juu ya lile benchi, kabla ya gari kuondoka.